Ekzosi ya stenlesi imegeuka rangi: kinachotoa rangi na kinachoua bomba

"Nina pikipiki ya sisi (cc) 250, ya kabureta. Mwaka jana nilifungiwa ekzosi ya stenlesi nzima, kutoka kwenye injini hadi sailensa, iking'aa kama sufuria mpya. Sasa shingo ya bomba, pale linapotoka kwenye injini, imekuwa ya dhahabu, kisha zambarau, kisha buluu kwenye kona ya kwanza. Kona ya chini ina madoa ya kahawia kama kutu, na ubavuni koti langu la mvua liliyeyuka likaganda jeusi. Naishi Nakuru na kila wiki nashuka Kisumu. Nimesugua kwa Omo mpaka mikono ikachubuka. Mmoja ananiambia nitumie dawa ya choo, mwingine waya wa kusugulia sufuria, mwingine soda, na fundi mmoja anasema niliuziwa stenlesi bandia. Je, niliibiwa? Injini inachemka? Na hiyo rangi nitaitoaje nyumbani bila kuharibu bomba?"

Ndugu msomaji, nianze na linalokunyima usingizi. Rangi hiyo peke yake haionyeshi kwamba uliibiwa. Stenlesi halali hugeuka dhahabu, zambarau na buluu ikipata joto. Chuma cha kawaida kikikaa uchi mwaka mzima kwenye shingo ya bomba, tena kwa mvua za Kericho unakopita njiani, kingekuwa kimeshavaa kutu nyekundu kuanzia juu hadi chini, si madoa machache kwenye kona moja. Fundi aliyetoa hukumu ya ubandia angetoa kwanza sumaku mfukoni. Tutafika kwenye sumaku.

La pili, kwenye bomba lako kuna mambo matatu, si moja: rangi ya joto, madoa ya kahawia, na plastiki iliyoungua. Kila moja lina chanzo chake na dawa yake. Watu huchoka kwa sababu wanatafuta dawa moja ya kumaliza yote, na hiyo dawa moja, hasa ikiwa ya choo, ndiyo inayoliua bomba.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kromiamu hiyo ikikutana na oksijeni ya hewani hujifunika kwa utando wa oksaidi mwembamba mno, nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, mradi chuma ni safi na hewa ipo.

Bomba likishika moto, utando unanenepa. Ukifikia unene fulani, mwanga unaoupiga hugawanyika: sehemu inarudi kutoka uso wa juu, sehemu inapenya na kurudi kutoka kwenye chuma kilicho chini. Miale hiyo miwili ikikutana, rangi nyingine hufutana na nyingine hutiana nguvu. Umeona dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi pale stendi ya matatu ikatoa rangi za upinde wa mvua? Dizeli yenyewe haina rangi hizo. Unene wake juu ya maji ndio unaozitoa. Bomba lako ni vivyo hivyo. Hakuna rangi iliyopakwa wala uchafu ulioganda, na ndiyo maana Omo imekuchubua mikono bure. Sabuni hung'oa mafuta na vumbi, lakini oksaidi imeshikana na chuma chenyewe. Ili iondoke ni lazima isagwe au iyeyushwe, na kazi yote ni kuifanya hivyo bila kuumiza chuma cha chini.

Kwa kuwa unene hufuata joto, rangi inasomeka kama kipimajoto, ingawa kibovu. Kwa stenlesi ya daraja la 304 iliyopata moto hewani, manjano hafifu huanza karibu nyuzi 290 za Selsiasi, manjano ya nyasi kavu karibu 340, kahawia karibu 390, zambarau iliyokolea karibu 450, buluu karibu 540, na buluu nzito karibu 600. Nimekiita kibovu kwa sababu muda nao huhesabika: bomba lililokaa saa nyingi kwenye joto la chini kidogo laweza kufikia rangi ile ile. Kwa hiyo usimshtaki mtu kwa ushahidi wa buluu peke yake.

Mpangilio uliouona nao una maelezo. Inchi ya kwanza imeshikana na kichwa cha injini, ambacho kina mapezi ya kupozea, kwa hiyo inapoa kidogo na kubaki ya dhahabu. Moshi ukifika kona ya kwanza unagonga ukuta, na hapo ndipo bomba linapopata joto kuliko mahali pengine popote. Mabomba mengi ya kiwandani hayaonyeshi haya kwa sababu yana kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na ile ya nje haipati moto mkali. Lako la kufungiwa huenda ni la ukuta mmoja. Buluu ya sentimita 15 au 20 za mwanzo kwenye bomba la namna hiyo ni kawaida, wala si dalili ya ugonjwa.

Ugonjwa una dalili zake. Buluu ikishuka hadi karibu na sailensa, au ikatokea ghafla ndani ya wiki moja baada ya kukaa mwaka mzima bila kubadilika, au bomba likiwaka jekundu giza likiingia ukiwa umesimama, hapo uliza injini kwanza kabla ya kuuliza bomba. Kwa pikipiki yako kuna jambo ningelishuku mapema: ekzosi mpya inayopumua vizuri kuliko ile ya kiwandani, huku jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima petroli, zimebaki zile zile. Hewa inayopita imeongezeka, petroli haijaongezeka, na mchanganyiko umekuwa wa mafuta haba. Mchanganyiko wa mafuta haba kidogo huungua taratibu, moto unaendelea hata vali ya kutolea moshi inapofunguka, na joto lililopaswa kusukuma pistoni linaishia kwenye bomba.

Uthibitisho ni rahisi. Safiri kilomita kumi kwa mwendo wa kawaida, zima injini, acha ipoe, fungua plagi utazame kauri ya ndani. Kahawia ya biskuti ni nzuri. Nyeupe kama chaki inasema mafuta ni haba au kuna joto la kupita kiasi. Nyeusi yenye masizi inasema mafuta ni mengi. Sikiliza pia unapoachia mafuta ukishuka mlima: ekzosi ikilipuka tap-tap-tap, ama mafuta ni haba ama hewa inaingia kwenye kiungo cha bomba na injini. Kisha washa injini ingurume chini, umwagie maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye mpira unaounganisha kabureta na kichwa cha injini. Mngurumo ukibadilika, mpira umepasuka na unanyonya hewa. Mpira wa aina hiyo hauponi kwa kuzungusha skrubu, unabadilishwa.

Na safari yako ya kila wiki? Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu karibu 1,130. Hewa ya Kisumu ni nzito zaidi, na kabureta haijui umeshuka, kwa hiyo pikipiki iliyorekebishwa Nakuru huenda kwa mafuta haba kidogo ikifika Kisumu. Tofauti hiyo peke yake ni ndogo, haitoshi kugeuza bomba buluu. Lakini kama fundi wa Nakuru ameshabana mafuta ili usinunue petroli nyingi, basi bonde la Kano kule Kisumu linakumalizia kile alichoanza. Mwambie akupandishie jeti kuu kwa saizi moja, ajaribu, kisha asome plagi tena. Mwambie pia akague uwazi wa vali ya kutolea moshi, na mpangilio wa moto wa plagi, kwa sababu moto unaochelewa kuwashwa huchoma bomba sawa na mafuta haba. Ukilisafisha bomba kabla ya kurekebisha haya, buluu itarudi kabla hujamaliza wiki mbili. Hata ukirekebisha, rangi ya dhahabu itarudi. Bomba la ukuta mmoja halibaki jeupe, na anayekuuzia dawa ya kulifanya libaki jeupe anakuuzia maneno.

Sasa sumaku. Chukua ile ya spika mbovu uiguse kwenye bomba. Isiponasa, au ikinasa kidogo tu kwenye kona zilizokunjwa, una stenlesi ya jamii ya 304, yenye kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu 8. Ikinasa kwa nguvu kila mahali, usikimbilie kusema bandia. Daraja la 409, linalotumika sana kwenye ekzosi za magari na pikipiki, ni stenlesi ya kromiamu karibu asilimia 11 na hunasa sumaku kama chuma cha kawaida. Hushika kutu ya juujuu ya kahawia lakini halitoboki upesi. Kinachonasa sumaku na bado si stenlesi ni bomba la chuma lililopakwa kromu, kama yalivyo mengi ya bodaboda za sisi 100 hadi 150. Hilo utalijua kwa maganda: kromu huvimba na kubanduka vipande, chini yake kutu nyekundu. Ukigundua ni kromu, sahau kila nitakachosema kuhusu msasa. Kromu ya urembo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na ukipitisha msasa umeimaliza. Kwake tumia sabuni, kisha karatasi ya foili ya jikoni iliyolowa maji kwa vidoa vya kutu, kisha dawa ya kung'arishia metali, basi.

Tuchukulie lako ni stenlesi. Kazi inaanza asubuhi, bomba likiwa limelala baridi usiku kucha. Ziba mdomo wa sailensa kwa kitambaa, na kipande chake kining'inie nje ukione, maana ukisahau kukitoa injini haitawaka na utatafuta kosa kwenye plagi. Osha kwa vijiko viwili vya sabuni ya maji ya vyombo katika lita tano za maji ya uvuguvugu, kwa brashi ya nailoni. Grisi ya cheni itoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na moto, kisha osha tena kwa sabuni. Suuza na ukaushe kwa kitambaa, usiliache likaukie juani: maji ya kisima ya Nakuru huacha vidoa vyeupe vya madini, nawe utafikiri ni tatizo jipya.

Baada ya hapo shughulikia plastiki, tena usiiahirishe. Makoti mengi ya mvua ni ya PVC, plastiki iliyobeba klorini, na PVC ikiungua hutoa asidi ya haidrokloriki. Hiyo ni miongoni mwa asidi mbaya zaidi kwa stenlesi. Kwa hiyo doa jeusi ubavuni si sura mbaya tu. Linaweza kuwa linachimba vishimo chini yake. Toa kwanza kile kitambaa cha sailensa, washa injini nje penye hewa kwa dakika mbili au tatu, mpaka plastiki ilainike bila kutoa moshi, uzime, uvae glavu nene, kisha ukwangue kwa kijiti cha mbao kilichochongwa bapa. Kisu kitakuachia mistari ya kudumu. Likipoa, rudisha kitambaa cha sailensa, kisha mabaki yasugue kwa kitambaa kingine chenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Asetoni hulainisha PVC. Nailoni haitaki kusikia, hiyo utaimaliza kwa dawa ya kung'arishia. Suuza vizuri. Wanaopitisha moto wa gesi juu yake ili iishe wanavuta moshi wa asidi na kuliongezea bomba klorini.

Madoa ya kahawia yana asili mbili. Huenda ni chembe za chuma cha kawaida zilizotua juu ya stenlesi na kushika kutu zenyewe: cheche za grainda ya fundi jirani, vumbi la breki, au waya wa sufuria kama ulishaujaribu. Au chuma chenyewe kimeanza kudhoofika, hasa kandokando ya welding, ambako moto mkali ulichota kromiamu na kuacha tabaka masikini chini ya utando. Wengi wa Kisumu hulaumu hewa ya ziwa. Ziwa Victoria ni la maji baridi, halina chumvi ya Mombasa. Unyevu wake husaidia kutu iliyokwisha kuanza, lakini hauwezi kulaumiwa kwa kuianzisha.

Dawa ya madoa hayo ni asidi ya sitriki, unga mweupe unaouzwa kwa wapishi wa keki na watengenezaji wa sharubati. Gramu 100 katika lita moja ya maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, ndani ya chombo cha plastiki. Lowesha kitambaa, zungushia sehemu yenye madoa, funika kwa karatasi ya nailoni kisikauke, uache nusu saa. Sugua kwa brashi ya nailoni, suuza kwa maji mengi, pitisha maji yenye kijiko cha magadi ya kuokea kwa lita, suuza tena, kausha. Sitriki huyeyusha chuma huria na kuiacha kromiamu, kwa hiyo utando mpya unajijenga ukiwa na nguvu. Limau lina asidi hiyo hiyo, lakini kiasi cha asilimia 5 au 6 tu. Linafanya kazi polepole na utamaliza kikapu. Magadi ya mboga, yale ya mrenda, usiyatumie mahali pa magadi ya kuokea, kwani hubeba chumvi.

Subiri wiki mbili za mvua. Kahawia isiporudi, zilikuwa chembe za kutoka nje. Ikirudi pale pale kwenye mstari wa welding, ni chuma chenyewe, na utahitaji kurudia sitriki mara kwa mara au kumwona aliyechomelea.

Imebaki rangi yenyewe. Kwenye bomba linalong'aa kama kioo, dhahabu na kahawia hafifu hutoka kwa dawa ya pesti ya kung'arishia metali. Autosol hufanya kazi haraka; Brasso inafanya pia, kwa subira zaidi. Gawa bomba vipande vya sentimita kumi. Weka pesti kiasi cha punje ya njugu kwenye kila kipande, kisha chukua utepe wa fulana kuukuu wa upana wa sentimita tano na urefu wa mkono, uupitishe nyuma ya bomba, uvute huku na huku kama mpiga viatu rangi wa mjini. Dakika tatu hadi tano kwa kila kipande. Kitambaa kitakuwa cheusi tii. Hiyo ni oksaidi na metali vikitoka, ni dalili kwamba kazi inaenda, usidhani uchafu hauishi. Futa kwa kitambaa safi, tazama, rudia. Wanaoshindwa huwa wanapaka bomba zima kwa mara moja, pesti inakauka, nao wanasugua vumbi.

Zambarau na buluu ni kaidi zaidi. Ukipata poda ya kusafishia yenye asidi ya oksaliki, ikande na maji iwe kama uji mzito, paka, iache dakika moja tu, sugua kwa sifongo laini, suuza. Vaa glavu na iweke mbali na watoto. Oksaliki ni sumu ikimezwa. Mara nyingi hiyo na pesti vinatosha. Visipotosha ndipo unafika kwenye msasa wa maji, na hapa tazama kwanza bomba lako lilimaliziwaje kiwandani. Kama lina mistari midogo ya brashi, usitumie msasa wala pesti ya kung'aza: chukua kitambaa cha kijani cha kusugulia vyombo, kipya, kisichowahi kugusa sufuria, na uvute kufuata mistari hiyo, upande mmoja tu, bila kuzungusha. Kama linang'aa kama kioo, anza na msasa namba 1000 uliolowa maji yenye tone la sabuni, kisha 1500, kisha 2000, kisha pesti. Kila namba ivutwe kwa kukingama na ile iliyotangulia, na usihamie inayofuata mpaka mikwaruzo ya kwanza imekwisha yote. Kuruka kutoka 1000 hadi pesti ndiko kunakoleta ule ukungu wa kijivu juani. Namba 600 au chini yake iachie mikwaruzo ya jiwe, si rangi.

Ukigusa msasa sehemu moja, jua umejifunga kumaliza bomba zima, la sivyo kiraka kitaonekana toka ng'ambo ya barabara. Na usikubali mtu akushawishi kwa grainda. Grainda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Inazalisha joto la kutosha kutia buluu mpya wakati inaondoa ya zamani, na ukuta wa bomba ni wa milimita moja na kitu. Drili yenye pamba ya kung'arishia, kwa mwendo wa wastani na pesti ya kijani ya stenlesi, hiyo sawa.

Nirudi kwa washauri wako. Dawa za choo nyingi zina asidi ya haidrokloriki. Jik ina klorini ya namna nyingine. Zote huleta kloraidi, chembe ndogo inayopenya utando wa stenlesi kwenye sehemu dhaifu na kuchimba kishimo kinachoendelea kwenda chini ilhali juu pamebaki pazuri. Rangi itatoka kweli, dakika tano tu, nawe utamshukuru aliyekushauri. Vishimo utaviona miezi ikipita. Tena ukizichanganya hizo mbili unatengeneza gesi ya klorini, ambayo inaua mapafu. Maji ya betri yaache kwenye betri. Waya wa sufuria mara nyingi ni chuma cha kawaida: kila mkwaruzo unapanda mbegu ya kutu, na huenda nusu ya madoa yako ni mavuno yake. Soda ya kola ina asidi ya fosforiki kidogo, inaweza kulegeza kutu hafifu, lakini sukari yake ikiungua inakuachia doa la karameli. Inywe tu.

Kuna moja sijasikia umetajiwa, ila utatajiwa ukifika kwa mafundi wa milango ya stenlesi kule Kibuye, Kisumu, au popote: pesti ya kuoshea welding. Inatoa buluu kwa robo saa kwa sababu ina asidi ya nitriki na haidrofloriki. Hiyo ya pili hupenya ngozi wakati mwingine bila kuuma papo hapo, ikaenda kunyonya kalsiamu mwilini. Fundi mwenye glavu, kinga ya uso na maji ya bomba karibu anaweza kukufanyia kwake. Nyumbani kwako, hapana.

Ukimaliza, kausha, kisha pangusa bomba lote kwa spiriti au asetoni na usiliguse tena kwa mkono mtupu. Mafuta ya vidole yakipata moto wa kwanza yanaungua na kuacha alama za vidole za kahawia, utazitambua hata ni za kidole gani. Acha spiriti ikauke kabisa, toa kile kitambaa kwenye sailensa, toa pikipiki nje, uwashe kwa dakika kumi. Kamwe usiiwashe ndani ya nyumba au stoo iliyofungwa. Moshi wake una monoksaidi ya kaboni isiyo na harufu. Nta, WD-40 na ile dizeli ambayo waoshaji wengine hupuliza ili ing'are zisiguse bomba, kwani huungua zikawa vanishi ya kahawia. Waambie kabla hawajaanza.

Ukiniuliza ningechagua nini, ningetoa plastiki na madoa, nirekebishe kabureta, na buluu niiache. Haidhuru bomba kwa kiasi cha kujali, wala injini, na kuna watu wanaolipa ili mabomba yao yawe nayo. Kuzungushia tepu ya joto kunaficha rangi, lakini tepu hunyonya maji ya mvua na kuyashikilia kwenye chuma kilichopata moto zaidi ya awali; kwa njia zako za Londiani na Kericho sikushauri. Rangi nyeusi ya kuhimili moto hushika tu ikipata uso uliokwaruzwa, na kwenye kona ya kwanza hubanduka mapema. Kama roho yako haitulii bila mng'ao, basi pesti mara mbili kwa mwaka, na saa tatu za Jumamosi.

Mwone fundi ana kwa ana ukiona masizi meusi kwenye kiungo cha bomba na injini, ufa kandokando ya welding, kishimo ambacho ncha ya msumari inazama, au bomba linalowaka jekundu. Halikadhalika kama unataka kulitoa bomba na nati zimekwama: stadi, zile boliti zinazoshika nati, zimeingia kwenye alumini ya kichwa cha injini, na zikikatika gharama ya kuzitoa inazidi thamani ya mng'ao wote. Zipulize mafuta ya kulegeza usiku uliotangulia, zifungue kwa zamu kidogo kidogo, na ukirudisha bomba weka gasketi mpya, kwa sababu ya zamani imeshabanwa na haitaziba tena. Asidi yoyote ikiingia jichoni, hata ya limau, osha kwa maji yanayotiririka robo saa nzima kisha uende hospitali, bila kungoja kuona kama itatulia.

Na koti jipya la mvua likipatikana, funga pindo lake la kulia kwa kamba ya tyubu juu ya goti. Sehemu ya chini ya bomba, hata pale ambapo bado ni nyeupe kabisa, hupata joto la kuyeyusha plastiki muda mrefu kabla ya kufika zile nyuzi 290 za manjano ya kwanza.